Nambari Kumi na Saba

Tarehe 11 Februari

Kwako mdogo wangu, Profesa wa watu,

Naanza na habari za wazima. Mimi sijambo, ila mgongo; kila nikiinuka kitini nao unatoa maoni yake. Shangazi hajambo, masikio tu ndiyo yamemkimbia. Ukimuuliza kama ameshiba anakujibu kwamba leo mvua hainyeshi. Kuku wake amebaki mmoja, na anamlinda kuliko alivyowahi kutulinda mimi na wewe. Mwanangu alihamishwa kikazi tangu mwezi wa kumi na moja. Anapiga simu Jumapili akikumbuka. Kwa hiyo nyumba yote hii ni yangu na Shangazi, na chakula nakipikia kwenye kile kisufuria cha kuchemshia maziwa.

Najua utasema, si ungepiga simu tu. Kwenye simu wewe unajua maneno matatu: poa, safi, nitakupigia. Mambo yetu ya maana yamekwenda kwa barua miaka ishirini na miwili, na hili ni la maana.

Chuo kinaumwa. Wakati wako tulikuwa tunapanga foleni hata kwenye bomba la maji. Sasa tuna wanafunzi mia moja sitini na watatu. Nawajua wote kwa sura, wengine nawajua kwa kikohozi. Serikali ilianza kwa kupunguza ruzuku, mwaka juzi ikaacha kabisa kutuletea wanafunzi wake, na wazazi walipoona serikali imeondoka nao wakaondoa watoto wao. Utamlaumu nani? Bweni la wavulana limefungwa kwa mnyororo. Kwenye uwanja wa mpira wa wavu nyasi zimenifika kiunoni. Pale masjala tulikuwa wanane, nimebaki mimi na makabati kumi na moja ya mafaili, na feni inayogeuza shingo upande mmoja tu. Saa nne nachemsha chai ya mtu mmoja. Mzee Chaki, yule mwalimu wenu wa falsafa ya elimu aliyekuwa akitoka darasani mweupe kama katoka kinu cha unga, bado yupo. Ana wanafunzi wanne na anapaza sauti kama wako mia.

Wiki iliyopita walikuja wakaguzi wa wizara. Mkuu wa chuo alituamuru tuwashe taa za mabweni yote mchana kweupe, ionekane kuna watu. Kiongozi wao, mama mmoja mwembamba mwenye kompyuta, hakuzitazama hata hizo taa. Alikuja moja kwa moja masjala, akaomba rejista, akaketi kwenye kiti changu, akaanza kushuka nayo kwa kidole. Kidole kikakwama kwenye nambari kumi na saba.

"Huyu aliingia mwaka chuo kilipofunguliwa," akasema. "Mbona bado yupo?"

Nikamwambia ameahirisha masomo. Akauliza, miaka ishirini na miwili? Nikasema ndiyo. Akauliza ni nani anayemjazia fomu ya kuahirisha kila mwaka. Mwandiko ulikuwa wangu na peni nilikuwa nayo mkononi.

Ni wewe, mdogo wangu. Kila Januari nimekujazia. Sikukwambia kwa sababu ungenicheka. Ulibakiza mtihani mmoja, na mimi nilisema mtu wa mtihani mmoja hafutwi, ipo siku atarudi aumalizie. Sikuwaza kwamba kila nilipokuandika, serikali nayo ilikuhesabu, ikaleta ruzuku ya kichwa chako. Sasa kwao wewe ni mwanafunzi hewa. Mkaguzi anasema jina moja la uongo linatosha kuitilia shaka rejista nzima. Rejista ikitiliwa shaka, chuo kinafutiwa usajili, na mimi nakwenda kujieleza polisi.

Wametupa mpaka mwisho wa Mei. Njoo uonekane kwa macho, ufanye huo mtihani mmoja, iwe kweli kwamba ulikuwa umeahirisha. Nakuomba. Unajua mimi si mtu wa kuomba.

Dada yako

*

Tarehe 20 Machi

Dada,

Barua yako ilikaa siku tisa kwa mlinzi wa jengo. Alidhani ni ya mpangaji wa zamani. Mwaka wa nne huu naishi hapa, ananiita Fundi Lifti, na bahasha ilikuwa na jina.

Mimi mzima. Mpwa wako yupo kwa mama yake, amenipita urefu. Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunapewa saa mbili za kuonana. Mwezi huu saa moja nzima alikuwa kwenye simu yake, saa ya pili akaniuliza kama naweza kurekebisha simu. Nikamwambia mimi natengeneza vitu vinavyopanda na kushuka tu. Hakucheka. Labda ni mimi sijui tena kuchekesha.

Kazi ipo. Nina majengo kumi na manne. Nafanyia kazi juu ya paa, kwenye chumba cha mashine, mimi na kamba za chuma na grisi. Huko juu hakuna mtu wa kukusalimu, ila kwenye lifti yenyewe ndiko kubaya zaidi. Watu wanasimama wamegusana mabega na kila mtu anatazama nambari za ghorofa. Fundi lifti anakumbukwa siku ya kukwama tu, na hata siku hiyo anakumbukwa kwa matusi.

Habari za mgongo wako zimenisikitisha. Kalie mto.

Kuhusu lile jambo, nifute. Andika ameacha. Sikukutuma unitunze humo.

Mwambie Shangazi kuku huyo asimle peke yake. Na usiniite Profesa.

Mdogo wako

*

Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Shangazi nimempa salamu zako. Amejibu kwamba yeye hamjui mtu wa namna hiyo, halafu baada ya dakika kumi akauliza kama bado huli vitunguu. Kwa hiyo anakujua. Mgongo nimeukalia mto, asante.

Nifute, unasema, kana kwamba umeandikwa ubaoni. Kanuni ya tisa ya chuo, ambayo mimi mwenyewe nimewakazia watu miaka yote hii mpaka wakanichukia: mwanafunzi hafutwi na karani. Anajitoa mwenyewe, kwa fomu, kwa saini yake ya wino, na anaandika sababu kwa mkono wake. Nimewahi kumrudisha mzazi aliyetaka kusaini kwa niaba ya mwanawe. Leo kanuni yangu imenigeukia mwenyewe.

Acha nikueleze siku ya kuhesabiwa. Wakaguzi waliagiza wanafunzi wote waketi kwenye ukumbi mkubwa. Unaukumbuka, viti mia nane. Mia moja sitini na watatu wakajaza safu za mbele, nyuma yao viti vitupu mpaka ukutani. Nikapewa rejista niite majina. Ninaita, mtu anasimama, anasema nipo, mkaguzi anaweka alama. Inaanzia nambari ndogo, kwa hiyo wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kabisa kwenye orodha, juu ya watoto ambao hawakuwa wamezaliwa ulipoingia hapa.

Nilitaka kukuruka. Mama yule alikuwa amesimama ubavuni kwangu na kidole chake kipo palepale. Nikakuita. Ukumbi mtupu una mwangwi, jina likaenda mpaka nyuma likarudi. Nikakuita tena. Wanafunzi wakaanza kutazamana, mmoja akacheka, alidhani kioo cha miwani kimenichezea. Nikakuita mara ya tatu, na hiyo ya tatu hakuna aliyenituma. Mzee Chaki alikuwa pembeni na walimu wenzake. Alivua miwani akaifuta kwa tai, nikaona amekukumbuka.

Kisha nikaendelea na wengine.

Ndani ya bahasha hii kuna fomu ya kujitoa. Bado nakuomba uje. Kama huji, saini, uandike sababu. Lakini ukishasaini umekwisha, jina lako linapigwa mstari, na hata chuo kikipona hakitakujua tena.

Na nikuulize kitu ambacho sijawahi kukuuliza. Mwaka ule uliofuata mlango ulikuwa wazi, mtihani wenyewe mmoja, na akili ya mtihani ulikuwa nayo. Mbona hukurudia?

Dada yako

*

Tarehe 28 Aprili

Dada,

Nimefurahi Shangazi anakumbuka vitunguu. Sasa nakula. Usimwambie.

Jumanne iliyopita bibi mmoja alikwama kwenye lifti ghorofa ya sita. Nilifika haraka lakini mwenzangu mwenye ufunguo mkubwa alikuwa upande mwingine wa mji, kwa hiyo nikakaa chini nje ya ule mlango kumsubiri. Yule bibi aliniuliza kupitia upenyo kama naondoka. Nikamwambia siondoki. Akasema basi ongea, nisikie kuna mtu. Dada, sikujua niongee nini. Nikamweleza habari za Shangazi na kuku wake, zote, tangu kuku walipokuwa tisa. Saa moja na nusu. Alipotoka alinishika mkono na kuuliza, huyo kuku anaendeleaje? Ndiyo maongezi marefu zaidi niliyofanya mwaka huu.

Fomu imefika. Ipo juu ya friji.

Unauliza mbona sikurudia. Wakati ule hukuniuliza.

Mdogo wako

*

Tarehe 16 Mei

Mdogo wangu,

Sisi wazima kwa jina tu. Shangazi ana kikohozi, kuku hajambo. Mwanangu hajapiga Jumapili tatu. Nimejiambia ni mtandao.

Zimebaki siku kumi na tano na fomu yako sijaiona. Wanafunzi wameshanusa. Kila wiki wawili watatu wanakuja masjala kuchukua vyeti vyao vya sekondari wahamie kwingine, wananiangalia kwa aibu kana kwamba wananiibia. Jana alikuja binti wa mwaka wa mwisho, akaniuliza kama akivumilia hadi Novemba atakuta chuo. Nikamwambia avumilie. Sijui ni kwa nini nilisema vile, mimi ambaye sina hakika ya Juni.

Mkuu wa chuo aliniita ofisini kwake. Akafunga mlango, ingawa korido nzima hakuna mtu wa kusikia. Anataka nimwambie mkaguzi kwamba fomu zako zilikuwa zikijazwa na yule karani mwenzangu aliyefariki. Anasema marehemu hadhuriki na chuo kitapona. Marehemu ndiye aliyenifundisha kazi, alinipa kiti chake siku yangu ya kwanza. Nikamwambia mkuu siwezi kumzika mtu mara mbili. Akasema basi nijue nimebaki peke yangu. Nikamwambia hilo nimelijua siku nyingi.

Saini, mdogo wangu. Au njoo. Juu ya friji hapajawahi kumsaidia mtu.

Dada

*

CHUO CHETU – OFISI YA MASJALA
FOMU YA KUJITOA MASOMONI

Nambari ya mwanafunzi: 17
Tarehe: 22 Mei
Sababu ya kujitoa (andika kwa mkono wako): Sikufanya mtihani wa mwisho. Nilikuwa mgonjwa. Dada yangu hahusiki.
Saini: (imetiwa)

*

Tarehe 14 Juni

Mdogo wangu,

Safari hii sitaanza na Shangazi.

Fomu ilifika tarehe thelathini, siku moja kabla ya mwisho. Bila barua, bila hata salamu. Niliifungua nimesimama, nikasoma sababu yako, nikaketi. Dada yangu hahusiki. Nani alikwambia kuwa dada yako anahusika? Hakuna aliyeuliza. Fomu ile haina hata nafasi ya dada. Ndipo nilipojua kwamba unajua, na kwamba umejua tangu mwanzo, na umenisitiri mara ya pili kwa wino.

Basi niseme mimi, maana hii si kazi yako.

Siku ile ya mtihani nilikuwa na wiki tatu kazini. Mama alikuwa wodini. Asubuhi nilikuwa nimepitia hospitali kuchukua picha yake ya eksirei nimpelekee daktari mwingine mchana, ilikuwa kwenye bahasha kubwa ya kaki. Kazi yangu pale mlangoni pa ukumbi wa mtihani ilikuwa kupokea karatasi za majibu, kuzihesabu na kufunga fungu kwa uzi. Wewe ulitoka wa mwisho, kwa hiyo karatasi yako ilikuwa juu. Nikaichomoa.

Sikutaka kubadilisha neno. Nilitaka kuutazama mwandiko wako, nimwonyeshe Mama pale kitandani, nimwambie ona, huyu ndiye mwanao, ona anavyoandika. Nikaitia kwenye bahasha ya eksirei. Nilipanga kuirudisha saa nane, fungu likiwa bado mezani kwangu. Ni upumbavu ambao mtu asiye na mdogo wake hawezi kuufanya. Nilipofika wodini Mama alikuwa amezidiwa, wakanipokonya bahasha wakaingia nayo ndani, na mimi nikabaki koridoni nikiomba Mungu. Karatasi ilinitoka kichwani kabisa.

Matokeo yalipotoka wakaandika kwamba hukufanya, nikajua papo hapo. Nilikwenda hospitali kuitafuta bahasha, wakasema mafaili ya wagonjwa hayatoki mpaka mgonjwa atoke. Nikajiambia, akisema alifanya, nitakiri. Wewe ukasimama mbele ya baraza la chuo ukasema ulikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimeketi kona ile nikiandika kumbukumbu za kikao. Nitakuambia nilichohisi, maana nimekaa nacho muda mrefu mno. Nilishukuru. Niliandika maneno yako, nikashukuru, nikanyamaza.

Bahasha ilirudi miezi minne baadaye, Mama aliporuhusiwa. Wewe ulikuwa umeshaondoka. Karatasi yako nikaificha chini kabisa ya kabati la kumi na moja, na kila Januari nilipokujazia fomu nilikuwa naitoa naitazama, halafu nairudisha. Mama amekufa akiamini ulimkimbia. Hilo nalo ni langu.

Kwa hiyo tarehe thelathini na moja Mei mkaguzi alipokuja, fomu yako sikumpa. Nilimpa karatasi yako ya mtihani. Nikamweleza yote mbele ya mkuu wa chuo, ambaye alikuwa akikohoa ili ninyamaze. Mkaguzi alisikiliza mpaka mwisho bila kuandika kitu. Halafu akafunga kompyuta yake akaniambia taratibu kwamba barua ya kukifunga chuo ilishasainiwa wizarani tarehe kumi na tisa ya mwezi uleule. Wanafunzi hawatoshi, walimu hawatoshi, ruzuku haipo. Jina lako halikuwa na uzito wowote, limetajwa kwenye kiambatisho. Nikamuuliza kuhusu polisi. Akasema mlalamikaji angekuwa chuo, na chuo hakipo.

Miezi minne nimekusumbua, kumbe maiti ilikuwa imeshaoshwa.

Nilipotoka pale nilikwenda kwa Mzee Chaki na karatasi yako. Nilidhani atanifukuza. Aliipokea kwa mikono miwili, akavaa miwani, akasema kazi ya mwalimu haiozi. Kesho yake akanirudishia imesahihishwa kwa peni nyekundu. Umepata sitini na sita. Amesema ilikuwa sitini na nane, amekukata mbili kwa kuchelewesha kuwasilisha. Mzee yule alicheka peke yake mpaka akalazimika kuketi.

Cheti hakuna. Muhuri umechukuliwa, baraza limevunjwa, wanafunzi waliobaki wanagawiwa vyuo vingine na yule binti wa mwaka wa mwisho amenipita njiani asinisalimu. Mimi nakabidhi funguo za masjala tarehe thelathini na moja Julai. Wameniomba nibaki mpaka hapo nipange mafaili, kwa kuwa hakuna mwingine anayejua kabati lipi lina nini.

Karatasi yako ipo ndani ya bahasha hii. Ni yako, nimekaa nayo muda mrefu kuliko wewe. Sikuombi unisamehe, nimeishiwa uso wa kuomba. Ukitaka kunijibu jibu, ukitaka kunyamaza una haki.

Shangazi amepona kikohozi.

Dada

*

Tarehe 12 Julai

Dada,

Mimi sijambo. Mpwa wako hajambo, Jumamosi iliyopita nilimsimulia habari za yule bibi na kuku na safari hii alicheka. Kwa hiyo mwambie Shangazi kuku wake amefanya kazi huku.

Mlinzi alinipa barua yako siku ileile ilipofika. Nilikuwa nimemwambia jina langu.

Nilikuona, Dada. Nilikuwa nimeshatoka ukumbini, nikageuka dirishani nikupungie mkono. Ulikuwa umeishika karatasi yangu unaisoma na unatabasamu mwenyewe. Tangu siku ile sijaona mtu akisoma kitu changu kwa sura ile. Halafu ukaitia kwenye bahasha. Nikadhani ndivyo kazi ilivyo, nikaenda zangu.

Walipoandika sikufanya, nilielewa. Ningesema nilifanya wangeuliza ni nani aliyepokea karatasi. Dada ana wiki tatu kazini, Mama yuko wodini, mshahara ni mmoja. Hesabu hiyo haikuhitaji profesa. Nikasema nilikuwa mgonjwa, nikakutazama pale kona, nikasubiri utakaponikuta nyumbani uniambie. Nilisubiri wiki moja. Ulikuwa unanipakulia chakula kingi na hukunitazama usoni. Nikaona nikiendelea kukaa nitakuchukia, na mimi sikutaka kukuchukia, wewe ndiye uliyenifundisha kushika penseli. Ndiyo maana nikaondoka. Nilikukasirikia sana, Dada. Miaka mingi. Nilikuwa naandika barua fupi makusudi ili uone.

Na hilo la kurudia. Ningefanya mtihani mara ya pili, ningekuwa nakubali kwamba mara ya kwanza sikuwepo. Na nilikuwepo.

Karatasi nimeisoma juu ya paa, kwenye chumba cha mashine, nimekaa kwenye ndoo ya grisi. Mwandiko wa kijana yule ulikuwa mzuri, mimi siku hizi naandika kama kuku wa Shangazi. Swali la mwisho lilikuwa linauliza wajibu wa mwalimu. Kengele ilinikuta katikati ya sentensi. Nimeandika: "Hata akibakiwa na mwanafunzi mmoja tu darasani, mwalimu bado inampasa", halafu basi, wino umeishia hapo. Mzee Chaki hakuikata, ameizungushia duara tu. Nimekaa pale mpaka wakanipigia simu kuniuliza niko wapi, najaribu kukumbuka nilitaka kumalizia na nini. Sikumbuki. Kijana yule alijua, mimi sijui.

Nimeomba likizo ya wiki mbili. Msimamizi aliangalia faili akasema sijawahi kuomba, akadhani kuna msiba. Nafika tarehe ishirini na nane. Usije kunipokea na huo mgongo, njia naijua. Nina begi moja. Kwenye kaburi la Mama tutakwenda pamoja, na hayo mengine tutasemezana huko au tusisemezane.

Ila funguo za masjala usiwape kabla sijafika. Nataka unifungulie ule ukumbi mkubwa. Uje na rejista yako, usimame pale mbele ulipokuwa umesimama siku ile. Mimi nitaketi kwenye kiti chochote, vipo mia nane.

Halafu uniite. Mara moja tu, Dada, safari hii mara moja itatosha. Nitasimama nikuitikie kwamba nipo.

Mdogo wako,
nambari kumi na saba